Kifo Kisichoripotiwa: Namna Hispania Ilivyopunguza Uhaba wa Viungo vya Kupandikiza

Tarehe 27 Oktoba 1979 Hispania ilipitisha Sheria Namba 30 ya mwaka huo, inayohusu uchukuaji na upandikizaji wa viungo vya binadamu. Kwa viwango vya miaka hiyo ilikuwa sheria iliyokamilika. Ilikitambua kifo cha ubongo kuwa ni kifo, ikapiga marufuku malipo kwa anayetoa kiungo, ikalinda usiri kati ya familia ya marehemu na mpokeaji, na ikamhesabu kila raia kuwa ameridhia viungo vyake vichukuliwe baada ya kufa, isipokuwa kama aliacha neno la kukataa wakati wa uhai wake. Wengi wanaojadili uhaba wa viungo hadi leo huamini kwamba sheria ya namna hiyo ndiyo dawa. Lakini mwaka 1989, miaka kumi kamili baada ya sheria kuanza kutumika, Hispania ilikuwa na wachangiaji waliofariki wapatao 14 tu kwa kila watu milioni moja, upandikizaji wa figo ulikuwa unarudi nyuma, na vyama vya wagonjwa wa figo vilikuwa vinalalamika hadharani kwamba watu wanakufa wakiwa kwenye mashine za kusafisha damu huku sheria nzuri imelala kabatini.

Miaka kumi mingine ikapita. Sheria ilikuwa ileile, haikuguswa katika kipengele chake cha ridhaa, na kiwango kilikuwa kimepanda hadi zaidi ya wachangiaji 33 kwa kila watu milioni moja. Mwaka 2024 kilifika 52.6, yaani wachangiaji 2,562 katika mwaka mmoja, na upandikizaji 6,464 ukafanyika. Hakuna nchi nyingine kubwa iliyoshikilia nafasi ya juu kwa muda mrefu kiasi hicho.

Ninakichambua kisa hiki kwa sababu kinatenganisha waziwazi kilichobaki vilevile na kilichobadilika, jambo ambalo ni nadra katika masuala ya afya ya umma. Sheria haikubadilika. Hata nia ya watu haikubadilika sana: tafiti za maoni zilizofanywa nchini humo mwaka 1993, 1999 na 2006 zilionyesha kwamba sehemu ya wananchi waliosema wako tayari kuchangia viungo vyao baada ya kufa ilibaki karibu ileile, zaidi kidogo ya nusu. Waliokuwa tayari mwanzoni ndio waliokuwa tayari mwishoni, lakini idadi ya wachangiaji ilizidi maradufu. Kwa hiyo anayetaka kueleza ongezeko hilo hana budi kutazama kwingine, na mahali pa kutazama ni ndani ya hospitali, hasa namna kazi ilivyogawanywa, nani aliwajibika kwa nani, na nani alihesabu nini.

Mahali viungo vinapopotelea

Ni lazima kwanza ieleweke jinsi uwezekano wa kuchangia ulivyo mdogo. Mtu anayefia nyumbani, au wodini moyo wake ukisimama ghafla, kwa kawaida hawezi kuchangia figo wala ini, kwa kuwa viungo huanza kuharibika ndani ya dakika chache baada ya damu kuacha kuzunguka. Kwa miaka mingi mchangiaji halisi alikuwa mtu wa aina moja tu: aliyepata jeraha kubwa la kichwa au kiharusi kizito, akawahishwa hospitalini, akawekwa kwenye mashine ya kupumulia katika chumba cha wagonjwa mahututi, kisha ubongo wake wote ukafa wakati mashine na dawa bado vinaufanya moyo upige. Watu wa aina hiyo ni sehemu ndogo sana ya wote wanaofia hospitalini. Lakini mmoja wao anaweza kutoa figo mbili, ini, moyo, mapafu mawili, kongosho na utumbo, na hivyo kuwafikia wagonjwa kadhaa kwa usiku mmoja.

Tuufuate mnyororo wenyewe. Mgonjwa wa kiharusi analetwa mapokezi, na daktari wa zamu anaona kwamba hakuna tiba itakayomrudisha. Je, atamwita daktari wa wagonjwa mahututi, au atamwacha afie wodini? Akishapelekwa kwa mahututi, je, kuna mtu atakayefanya vipimo vya kuthibitisha kifo cha ubongo, vinavyohitaji saa kadhaa za uangalizi na saini za madaktari watatu wasiohusika na timu ya upandikizaji? Kuna atakayeutunza mwili huo, shinikizo la damu, chumvi na joto lake, kwa bidii ileile aliyopewa mgonjwa jana? Je, kuna atakayekaa na familia, na atakayempigia simu hakimu iwapo kifo kimetokana na ajali na sheria inadai kibali chake? Kuna atakayetafuta wapokeaji na usafiri, ilhali moyo hauvumilii zaidi ya saa nne hivi nje ya mwili na figo huvumilia siku moja na zaidi kidogo? Kiungo kimoja cha mnyororo huu kikikatika, yote yaliyofuata hayapo tena.

Jambo linaloniuma zaidi katika mpangilio wa zamani, uliokuwa wa kawaida Ulaya nzima na si Hispania pekee, ni kwamba kukatika huko hakukuacha alama. Mgonjwa aliyekufa akisubiri ini alikufa katika hospitali nyingine, mikononi mwa madaktari wengine, na jina lake halikuandikwa popote karibu na jina la yule aliyezikwa na ini lake wiki moja kabla bila mtu yeyote kuuliza. Daktari ambaye hakumripoti mchangiaji hakufanya kosa lolote mbele ya kanuni. Alikuwa na wagonjwa kumi wengine walio hai, na kumripoti marehemu kulimwongezea saa kumi na mbili za kazi ambayo haikuwa kazi yake. Kila mmoja alitimiza wajibu wake na viungo vikapotea hivyohivyo. Upungufu wa namna hii hauponi kwa kuwahimiza wananchi wajaze kadi, kwa sababu aliyejaza kadi naye akifa katika hospitali ambayo hakuna anayeripoti, kadi yake inazikwa pamoja naye.

Mratibu ni nani, na anamjibu nani

Shirika la Taifa la Upandikizaji, linalojulikana kwa kifupi cha Kihispania ONT, liliundwa mwaka 1989 chini ya wizara ya afya na kukabidhiwa kwa daktari wa figo Rafael Matesanz, ambaye aliliongoza kwa sehemu kubwa ya miaka iliyofuata hadi 2017. Wazo la kuwa na mratibu wa upandikizaji ndani ya hospitali lilikuwa limeshajaribiwa Barcelona katikati ya miaka ya 1980. ONT ililichukua wazo hilo na kulifanya mtandao wa nchi nzima wenye ngazi tatu: ofisi ya taifa Madrid, waratibu wa mikoa 17 inayojitawala, na mratibu katika kila hospitali yenye uwezo wa kupata wachangiaji. Hospitali hizo leo ni zaidi ya 180.

Ngazi mbili za juu zina kazi ya kukubaliana na kusaidia. Ofisi ya taifa haichukui viungo, haipandikizi, wala haiwezi kuziamuru hospitali za mikoa, kwa kuwa afya nchini humo imegatuliwa. Kanuni za kiufundi huamuliwa katika kikao cha wawakilishi wa mikoa yote. Ofisi hiyo huendesha zamu ya saa 24 inayopokea taarifa ya mchangiaji kutoka popote, hutunza orodha za wanaosubiri, humtafutia kila kiungo mpokeaji, hupanga ndege na magari, huandaa mafunzo, hukusanya takwimu na kuzirudisha kwa wenyewe. Mimi naiona kama ofisi inayowatumikia watu wa hospitalini, na nadhani tabia hiyo ndiyo iliyoifanya ikubalike katika nchi ambayo mikoa yake huitazama Madrid kwa tahadhari.

Uzito wa mfumo, hata hivyo, uko kwa mratibu wa hospitali, na hapa sifa nne za nafasi yake zinahitaji kuelezwa kwa makini, kwa sababu nchi nyingi zilizoiga mfumo huu ziliiga cheo na kuacha sifa.

Kwanza, yeye ni mtu wa ndani. Ameajiriwa na hospitali ambayo mchangiaji atafia humo, tofauti na mtindo wa zamani ambapo timu ya upandikizaji kutoka hospitali kubwa ilituma mtu wake kuzunguka hospitali ndogo kutafuta viungo, na wenyeji wakampokea kama mgeni aliyekuja kuchuma wasichokipanda wao. Pili, katika sehemu kubwa ya hospitali yeye ni daktari wa wagonjwa mahututi, yaani mtu ambaye kwa kazi yake ya kila siku yuko mahali hasa panapotokea vifo vinavyohusika, anajua kuthibitisha kifo cha ubongo, na anasikilizwa na wenzake wa zamu kwa kuwa ni mmoja wao. Tatu, daktari huyo kwa kawaida hufanya uratibu kwa sehemu ya muda wake tu na huendelea kutibu wagonjwa. Sifa hii iliwashangaza wengi, kwa maana mtu hudhani kazi muhimu hutaka mtu wa muda wote. Lakini hospitali ya wastani hupata wachangiaji wachache kwa mwaka, na mratibu asiye na kazi nyingine angekuwa mgeni katika chumba kilekile anachopaswa kukifahamu kwa ndani. Nne, na hii ndiyo ninayoipa uzito kuliko zote, yeye huteuliwa na mkurugenzi wa hospitali na humjibu mkurugenzi huyo, si timu ya upandikizaji. Kwa hiyo idadi ya wachangiaji ikawa jambo ambalo hospitali nzima huulizwa, kama inavyoulizwa kuhusu vifo vya kina mama au maambukizi baada ya upasuaji, na mratibu akawa na mlango wa kupitia anapokuta idara fulani haishirikiani.

Fedha zilifuata mpangilio. Gharama za kumtunza marehemu, vipimo na vyumba vya upasuaji hulipwa kupitia bajeti za afya za mikoa ili hospitali isipate hasara kwa kuripoti, na waratibu hulipwa kwa kazi hiyo. Wapo wanaohofia kwamba malipo kwa watumishi yanaweza kuwavuta waharakishe. Hofu hiyo naiheshimu, na nitairudia hapa chini.

Kuhesabu kile ambacho hakikutokea

Kama ningeulizwa ni chombo gani kimoja cha mfumo huu kinachofaa kuigwa kabla ya vingine, nisingekitaja cheo cha mratibu. Ningetaja mapitio ya vifo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, ONT na mikoa waliweka mpango wa kudumu wa uhakiki wa ubora, ambao mratibu hupitia mafaili ya wote waliofia katika chumba cha wagonjwa mahututi cha hospitali yake, aliyechangia na asiyechangia, na kwa kila mmoja huuliza maswali yaleyale: je, hali yake ililingana na kifo cha ubongo? Kilithibitishwa? Kama hakikuthibitishwa, ni kwa nini? Kama kilithibitishwa na viungo havikuchukuliwa, sababu ilikuwa maradhi yasiyoruhusu, mwili kushindwa kutunzwa, familia kukataa, au hakuna aliyeuliza?

Mapitio hayo hufanywa kwanza na watu wa ndani. Kisha, kwa hospitali zinazoingia katika awamu ya pili, hufanywa na waratibu kutoka mkoa mwingine ambao hawana sababu ya kumfichia mtu aibu. Tofauti kati ya hesabu ya ndani na ya nje huonyesha ni vifo vingapi vilivyopita bila wenyeji kuviona.

Ninaliona jambo hili kuwa badiliko la msingi kwa sababu linaipa alama ile hasara iliyokuwa haina alama. Hospitali inayosema "kwetu hakuna wachangiaji" inaweza sasa kuonyeshwa, faili kwa faili, kwamba walikuwepo sita na watatu hawakuripotiwa. Tena huonyeshwa hatua gani ya mnyororo ilikatika, na dawa ya hatua moja si dawa ya nyingine: familia zikikataa kwa wingi, tatizo liko katika mazungumzo, na kama mioyo husimama kabla vipimo havijakamilika, tatizo liko katika utunzaji wa mwili. Bila hesabu hiyo kila hospitali hujipa sababu inayoipendeza, na sababu inayopendeza kuliko zote ni kwamba wananchi wana roho ngumu.

Mazungumzo na wafiwa

Ingawa sheria ya 1979 inamhesabu kila mtu kuwa ameridhia, katika utendaji familia huulizwa daima, na ikikataa, viungo havichukuliwi. Wapo wanaoliona hilo kama udhaifu na wanataka sheria itekelezwe kama ilivyoandikwa. Sikubaliani nao. Familia iliyonyang'anywa neno lake usiku wa msiba haitanyamaza, na habari yake ikienea, hospitali nzima itaogopwa na wagonjwa walio hai. Imani ya watu ndiyo mtaji wa mfumo huu, na ikiisha hakuna sheria inayoweza kuirudisha.

Kilichofanywa badala yake ni kuwafundisha watu kuzungumza. Tangu mwaka 1991 ONT imeendesha kozi kwa wataalamu zaidi ya 18,000, na sehemu kubwa ya kozi hizo inahusu namna ya kutoa habari mbaya. Kanuni ya kwanza wanayofundishwa ni kutenganisha mambo mawili. Habari ya kifo hutolewa peke yake, kwa maneno yasiyo na utata, na familia huachwa iielewe, kwa sababu ndugu anayeona kifua kikipanda na kushuka kwa nguvu ya mashine hawezi kujibu swali la kuchangia wakati moyoni mwake bado anaamini kwamba mtu wake yu hai. Swali la viungo huja baadaye, katika chumba tulivu, kutoka kwa mtu mwenye muda wa kukaa. Mratibu hufundishwa pia kuuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani, kusikiliza hasira bila kujitetea, na kubaki na familia hata ikikataa. Agizo hilo la mwisho naliona la haki kuliko yote: familia inayohudumiwa vizuri pale tu inapokubali imegeuzwa kuwa njia ya kufikia figo.

Mwaka 1992 familia 27.6 kati ya kila 100 zilizoulizwa zilikataa. Kufikia katikati ya miaka ya 2010 kiwango cha kukataa kilikuwa takriban familia moja kati ya sita. Kumbuka tena kwamba maoni ya umma kwa jumla hayakuwa yamesogea. Tofauti ilitoka chumbani, kati ya watu wanne au watano walioketi pamoja usiku wa manane.

Chanzo cha zamani kilipokauka

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 zaidi ya wachangiaji wanne kati ya kumi wa Hispania walikuwa watu waliokufa kwa ajali za barabarani, wengi wao vijana. Baadaye nchi hiyo ilifanikiwa kupunguza ajali kwa kiasi kikubwa: barabara ziliuwa watu zaidi ya 9,000 mwaka 1989, na chini ya 2,000 mwaka 2019. Tiba ya majeraha ya kichwa na ya kiharusi nayo ikawa bora, kwa hiyo vifo vya ubongo vikapungua. Hizi ni habari njema bila sharti lolote, na mfumo wowote wa upandikizaji unaohuzunishwa nazo umepotea njia. Lakini shirika lililojengwa juu ya kifo cha aina moja lililazimika kujipanga upya.

Mwaka 2008 ONT ilitangaza mpango wenye lengo la wachangiaji 40 kwa kila watu milioni moja, na namna ulivyotungwa inafaa kusimuliwa. Badala ya kubuni mbinu mpya ofisini, walitumia takwimu za mapitio ya vifo kuzitambua hospitali zilizofanya vizuri kupita wenzao katika kila hatua, moja katika kugundua wachangiaji, nyingine katika mazungumzo, nyingine katika utunzaji. Wakaenda kuwauliza wenyewe hufanya nini, wakakiandika na kukisambaza kwa hospitali zote. Njia tatu zikatokea.

Ya kwanza ilikuwa umri. Zaidi ya nusu ya wachangiaji wa Hispania sasa ni watu waliovuka miaka 60, na ini la mtu aliyevuka 80 limepandikizwa na kufanya kazi. Figo za wazee hupewa wapokeaji wazee, ambao pengine wasingepata figo yoyote. Njia ya pili ilikuwa kutoka nje ya chumba cha wagonjwa mahututi: madaktari wa mapokezi na wa mishipa ya fahamu huombwa kumjulisha mratibu mapema kuhusu mgonjwa wa kiharusi ambaye tiba yake imeshaamuliwa kuwa haina faida. Familia ikikubali, mgonjwa hulazwa kwa mahututi kwa lengo la kuiwezesha azma ya kuchangia. Hapa maadili yanabana kweli. Mgonjwa huyo bado hajafa, na kinachofanywa si kwa ajili ya kumponya. Kinachokifanya kikubalike, kwa maoni yangu, ni masharti mawili yasiyolegezwa: uamuzi wa kuacha tiba uwe umefanywa na watu wengine, kwa sababu nyingine, kabla mratibu hajaingia, na familia iambiwe wazi kwa nini ndugu yao anahamishwa.

Ya tatu ni kuchangia baada ya moyo kusimama. Katika hali inayopangwa, mgonjwa ambaye familia na madaktari wamekubaliana kumwondolea mashine huachwa afe. Baada ya moyo kusimama husubiriwa dakika tano bila kugusa chochote, kifo huthibitishwa, ndipo viungo huchukuliwa, mara nyingi baada ya kurudisha mzunguko wa damu tumboni kwa mashine ili ini na figo zisiharibike. Kanuni ya serikali ya mwaka 2012 iliiwekea njia hii msingi wa kisheria. Kutoka wachangiaji wachache sana mwanzoni mwa muongo huo, njia hii sasa hutoa takriban nusu ya wachangiaji wote wa nchi hiyo. Ni vigumu kuona ingewezekanaje kusambaa kwa kasi hiyo kama mtandao wa waratibu usingekuwepo tayari katika kila hospitali.

Hoja za upinzani

Pingamizi zito kuliko mengine ni kwamba daktari wa mahututi anayeratibu uchangiaji amevaa kofia mbili, ya kumtibu mgonjwa na ya kuomba viungo vyake. Hispania hujibu kwamba anayethibitisha kifo hahusiki na upandikizaji, na kwamba mratibu hujitoa pale mgonjwa anapokuwa wake mwenyewe. Kwenye karatasi jibu linatosha. Katika hospitali ndogo yenye madaktari wachache wa mahututi halitoshi, na ndiyo sababu mapitio ya nje ni muhimu pia kama ulinzi: hayaonyeshi waliokosekana tu, yanaweza kuonyesha pia waliochukuliwa mapema mno. Uingereza ilichagua njia nyingine. Kamati yake iliyotoa mapendekezo 14 mwaka 2008 ilisisitiza wauguzi maalumu walioajiriwa na chombo cha taifa na kuwekwa hospitalini, wakisaidiana na daktari kiongozi wa ndani, na ndani ya miaka mitano wachangiaji waliofariki waliongezeka kwa asilimia 50, kabla sheria ya ridhaa haijabadilishwa popote nchini humo.

Pingamizi la pili ni la kipimo. Idadi ya wachangiaji kwa kila watu milioni si idadi ya viungo vilivyomfikia mgonjwa. Mchangiaji wa miaka 80 anaweza kutoa ini pekee, na wakati mwingine hakuna kinachofaa kabisa. Nchi inayoshindania nafasi ya kwanza katika jedwali hilo inaweza kujidanganya, na ningependa kuona takwimu za viungo vilivyotumika na miaka vilivyodumu zikitangazwa kwa sauti ileile.

La tatu ni kwamba Hispania ni Hispania, na hakuna anayeweza kuwa Hispania. Jibu bora kwa hili ni Kroatia, nchi yenye watu wasiozidi milioni nne na nusu wakati huo. Mwaka 2000 ilikuwa na wachangiaji 2.7 kwa kila watu milioni. Iliteua waratibu katika hospitali, ikaweka mratibu wa taifa mwenye mamlaka, ikalipa hospitali gharama za kuripoti, na mwaka 2007 ikajiunga na Eurotransplant, mtandao wa nchi kadhaa wa kugawana viungo. Mwaka 2011 ilikuwa na wachangiaji 35. Kwa upande wa pili, Bulgaria ina sheria ya ridhaa ya kudhaniwa kama ya Hispania na imebaki mkiani mwa Ulaya, ilhali Marekani, ambako mtu au familia yake lazima iseme ndiyo, iko karibu na kilele.

Mtihani wa mwaka 2020

Machi 2020, janga la korona lilipoifikia Hispania kwa nguvu na hali ya dharura kutangazwa, wastani wa wachangiaji ulianguka kutoka saba hivi kwa siku hadi mmoja hivi, na upandikizaji kutoka kumi na sita hadi miwili. Vitanda vya mahututi vilijaa, waratibu walikuwa ndio haohao madaktari waliokuwa wakipigania wagonjwa wa korona, na wagonjwa waliopandikizwa waliogopa kulazwa. Nguvu ya mfumo, yaani kukaa kwake ndani ya chumba cha wagonjwa mahututi, ilikuwa sasa ndiyo iliyoukwamisha. Mwaka ulifungwa kwa takriban wachangiaji 38 kwa kila watu milioni, kutoka 49 mwaka uliotangulia. Anguko hilo lilikuwa kubwa, ingawa kiwango kilichobaki nchi nyingi hazijawahi kukifikia hata katika mwaka wa amani.

Chini ya Beatriz Domínguez-Gil, daktari wa figo aliyepokea uongozi wa ONT mwaka 2017, kiwango kilirudi zaidi ya 46 mwaka 2022, na miaka miwili baadaye kikavuka 50 kwa mara ya kwanza. Orodha ya wanaosubiri haijaisha. Bado inabeba maelfu ya majina, na duniani kote upandikizaji zaidi ya 170,000 uliofanyika mwaka 2023 unakadiriwa kugusa takriban sehemu moja tu ya kumi ya mahitaji. Nchini Hispania, zamu ya ONT inaendelea kupokea simu usiku na mchana, na katika kila hospitali ya mtandao mafaili ya waliofia kwa mahututi yanaendelea kufunguliwa, yakiwemo ya wale ambao hakuna aliyepiga simu kwa ajili yao.